Siku Jicho la Orpha Lilipokataa Kuitika

Munanichosha. Mutu hawezi tena kuleta kikombe chake hapa bila kusema: "Koko Émilie, tuambie ile ya kamera." Mimi ni radio? Mimi ninauza kahawa na mikate ya kukaanga. Wale waliokuwa pale wako hai wote, na midomo wanayo mikubwa kuliko yangu. Lakini mukiwauliza wao, kila mmoja atawaambia ni yeye aliyejua toka mwanzo. Bon. Nitasema mara moja, nitasema vile ilikuwa, na mwenye kuona haya aone haya.

Benchi yangu munaijua, hapa kwenye kona ya Kabondo: ubao mmoja mrefu, miguu mitatu na tofali moja, mgongo kwenye ukuta wa duka la saruji lililofungwa, na mbele yake mbabula yangu ya makaa. Kushoto anakaa Hilaire, yule munayemwita Marathon, wa toleka. Baiskeli yake imebeba nusu ya mji huu, na nusu inayobaki anaibeba kwa mdomo. Katikati ni Kasongo, Tour de Contrôle, yaani ule mnara unaoongoza ndege, kwa sababu alifagia uwanja wa ndege wa Bangboka miaka kumi na tisa, na toka hapo hakuna jambo la angani asilolijua. Kuume, karibu na meza yake ya kazi, ni papa Zuberi, Fundi Étain, jina la ile bati anayoyeyusha kuchomelea waya. Anatengeneza radio, tochi, simu zilizoanguka majini, na kile ambacho mafundi wengine wamekwisha kukilaani. Huyu ni mutu wa heshima, anaswali kwa saa yake, hadanganyi mteja. Hilo mulishike, mutalihitaji.

Orpha ni mjukuu wangu. Alikwenda shule kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, maana mimi nilitoka darasa la tatu na sikurudi. Alikuwa ametengeneza sanduku dogo, kama vipande viwili vya sabuni vikibandikwa. Ndani kuna kichwa, yaani ile carte inayofikiri. Mbele kuna jicho, kioo kidogo kama punje ya maharage. Kati ya kichwa na jicho kuna shingo: utepe mweupe, bapa, mwembamba kama jani la kitunguu. Wao wanauita nappe. Kazi ya sanduku ni kukaa shambani Yangambi mbele ya tawi la kahawa, kutwa, juma zima, na kuona ni tunda gani mdudu amelitoboa.

Siku ile docteur Hubert, mutafiti wa Yangambi, alikuwa apite hapa kwenye benchi saa sita, akielekea bandarini kupanda mtumbwi wake wa motere. Alikwisha kusema wazi: picha ikitoka, Orpha atapewa kazi ya masanduku kumi. Isipotoka, kuna bwana mmoja wa Kinshasa mwenye koti na karatasi nzuri, kazi itakwenda kwake.

Na kulikuwa na jambo la pilote. Pilote ni yale maandishi yaliyo ndani ya kichwa, yanayokifundisha namna ya kuamsha jicho na kuongea nalo. Ile ya zamani ilionyesha kila kitu kijani. Tunda bivu kijani, tunda bovu kijani, na mimi mwenyewe nilitoka kijani kama sahani ya pondu. Orpha akakaa majuma matatu anaandika mpya. Asubuhi ile, saa moja, hapa hapa, rangi zikatoka: kikwembe changu chekundu kikawa chekundu. Akaruka kama mutoto. Akaongeza mustari mmoja wa mwisho kwenye maandishi, akaacha sanduku wazi kwenye meza ya Fundi lipate hewa, akaenda kuoga na kuvaa nguo za kukutana na docteur.

Akarudi saa tatu. Akawasha. Giza.

— Koko, jicho haiitike.

— Iite tena, nikasema, huku ninageuza mikate.

— Ninaiita toka nusu saa. Ona.

Akanionyesha kompyuta yake, ile mashine anayoandikia. Alinieleza hivi: kichwa kinapita mlango kwa mlango, kinagonga, na mlango wenye mutu unaandika namba yake. Asubuhi mlango wa makumi tatu na sita uliitika. Sasa ilikuwa mistari, mistari, mistari, namba hata moja hakuna, kama daftari ya mutoto muvivu.

— Papa Zuberi, akauliza Orpha, hakuna mutu aligusa hapa mezani?

— Nani aguse! akasema Fundi. Nilikaa hapa sawa askari. Hata inzi nilifukuza.

— Alors ni mimi, akasema Orpha. Ni ule mustari wa mwisho.

Hilaire akaweka kikombe chini. Munajua maana yake.

— Mademoiselle, ile kintu iko na njaa. Moto ya betri haifike kwa jicho. Baiskeli yangu ikikataa, kwanza ninaangalia kama mimi mwenyewe nimekula.

— Tonton Hilaire, jicho haikule lituma ya ndizi.

— Pima tu.

Orpha akachukua kipimo cha Fundi, akagusisha ncha zake mbili.

— Moto inafika. Yote.

— Basi ni usingizi! Mimi saa ya asubuhi mteja akiniita mara moja, siitike. Ananiita tena, ninafungua jicho moja. Mara ya tatu njo ninauliza anaenda wapi.

Tukacheka, lakini Orpha hakucheka. Akakamata kichwa chake mwenyewe.

— Inaweza kuwa kweli, akasema. Kichwa kikisha kuamsha jicho, lazima kingoje kidogo kabla ya kuita. Na mustari wangu wa mwisho ulipunguza ile saa ya kungoja.

Hilaire alivimba mpaka benchi ikalia. Orpha akaandika upya, akalipatia jicho usingizi wa kutosha, akabonyeza. Wote tukainama juu ya ile mashine, hata mimi na uma wangu unaodondosha mafuta.

Mistari.

— Nusu ya jibu nimetoa, akasema Hilaire. Nusu ingine bengine batafute.

— Nusu ya jibu ni sawa nusu ya daraja, nikamwambia. Pita juu yake weye kwanza.

Kasongo alikuwa kimya mpaka hapo, na kimya cha Kasongo ni hasara ya baadaye. Akanyanyua kidole juu.

— Munatafuta chini, kintu iko juu. Ni radar.

— Radar gani tena?

— Ya Bangboka. Ndege kubwa ikikaribia, radar inafunga macho yote ya mashine kilomita makumi mbili. Ni usalama. Miye nilikuwa mule ndani, bakubwa banaongea mbele yangu, banafikiri ninafagia.

— Ulikuwa unafagia, akasema Hilaire.

— Nilikuwa ninafagia na masikio wazi!

— Leo hakuna ndege, tonton Kasongo, akasema Orpha. Ndege ni kesho.

— Njo hapo sasa! Inajitayarisha. Wewe ukiwa na mugeni kesho, hufagie leo?

Hapo Fundi Étain akakohoa. Fundi akikohoa, watu wa heshima wananyamaza, na wale wengine pia, kwa sababu ndiye mwenye betri na sola.

— Mutoto wangu, akasema, wewe unaita makumi tatu na sita. Nani amekuambia bado iko pale? Pengine imehama. Mutu akikimbia wajomba ya bibi yake, bale banadai mahari, anafanya nini? Anabadilisha namba. Jicho imeona kichwa inasumbua, inagonga gonga kila wakati, imehama.

— Papa Zuberi, namba yake ilichomwa kiwandani. Haibadilike.

— Miye pia jina yangu ilichomwa, Zuberi. Lakini kwa bakwe bananiita jina ingine kabisa, na ninaitika.

— Sawa, papa. Lakini nimegonga milango yote. Ingekuwa kwa jirani, jirani angeitika.

— Kama jirani hayuko, akasema Fundi, pole pole, kama amefunga kesi.

Saa nne ikapita. Orpha alikuwa anasoma pilote yake mustari kwa mustari, midomo inatembea bila sauti. Moto: uko. Saa ya kungoja: iko. Waya wa kuamsha: unaamsha. Kila alipopata jambo la kurekebisha, alirekebisha, na kila aliporekebisha, mistari ilimcheka. Jasho likaanza kuharibu ile blauzi nyeupe aliyoivaa kwa ajili ya docteur. Mimi ninamjua huyu mutoto. Akinyamaza hivyo, anajihesabia makosa, hata yale ya mwaka jana.

Na benchi ikiona mutu anateseka, inafanya kile inachokijua. Inaongeza.

— Juzi jumapili ulijaribu sanduku wapi? akauliza Kasongo.

— Kule kwenye mto Tshopo, karibu na maporomoko.

— Jicho ilikuwa inaangalia maji?

— Ndiyo. Kwa rangi.

Kasongo akageuka kwetu sote, mikono wazi.

— Bon. Mimi sisemi kitu. Lakini mule majini kuna bibi moja, nyuma ni samaki, mbele ni nywele ndefu, na hapendi picha. Jicho ikimuona, inafungwa. Si inakufa, inafungwa. Ni heshima.

— Mamba muntu? akasema Hilaire. Na asubuhi jicho ilikuwa inaona vizuri!

— Anatuma malipo yake siku ya tatu. Inajulikana.

— Hapana, hapana. Miye nitasema yenye iliua ile jicho, Koko anisamehe. Asubuhi, kitu ya kwanza ilionyeshwa kwa rangi ya kweli ni nini? Ni Koko Émilie! Siku zote ilikuwa inamuona kijani, inavumilia. Leo imemuona sawa vile Mungu alimuumba. Ni mushtuko!

— Marathon, nikasema, uso huu uliona mimba kumi na moja, vita tatu na wewe. Kama haukufa kwa kukuona wewe, jicho la kioo halitakufa kwa kuniona mimi. Na kikombe chako leo sijazi.

— Koko, ni masemi ya kucheka tu!

— Meza hayo masemi na mate yako.

Wote wakaanguka kucheka, hata Fundi, ambaye kwa kawaida hucheka kwa mabega peke yake. Orpha tu alibaki pale. Ilikuwa saa tano na nusu. Akaondoa mikono kwenye mashine, akaifuta kwenye sketi.

— Ni mimi, akasema. Nimeharibu pilote, na sioni wapi. Nitayafuta yote, nirudishe ile ya zamani.

— Ile ya kijani? nikauliza.

— Ya kijani. Docteur hataona tunda bivu wala bovu. Lakini angalau ataona kitu.

— Na kazi?

— Atampa yule wa Kinshasa, Koko. Mimi mwenyewe ningempa.

Majuma matatu ya kuandika. Alikuwa anayafuta kwa kidole kimoja. Mimi siyo wa maneno mazuri. Nikamsukumia kikombe. Nikamwambia: kunywa kwanza, kufuta hakukimbii. Akakamata kikombe kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kuume kikabaki pale pale juu ya kile kitufe.

Ndipo Nadia akafika. Siku ile hatukujua jina lake bado. Alikuwa mupangaji mupya kwenye parcelle ya nyuma, musuka nywele, kitana kimechomekwa kichwani, mutoto mgongoni. Alikuwa anatafuta kahawa, na nilikuwa na kikombe kimoja na nusu kilichobaki katika birika. Akasalimia vizuri, papa huyu, papa yule, akangoja. Wakati ananingoja akaangalia sanduku la Orpha lililo wazi. Musuka nywele ana macho yake: anapita kichwani mwa watu kutwa nzima akitafuta mustari ulionyooka.

— Samahani, akasema. Huu utepe, meno yake yanang'aa vizuri sana. Ju ya nini yanaangalia inje?



Hilaire akanyoosha shingo. Kasongo akaangalia mbinguni, lakini mbinguni siku ile hakukuwa hata na ndege. Orpha akaweka kikombe chini pole pole, akainama mpaka pua ikagusa sanduku. Kule ambapo utepe unaingia kwenye kichwa, vilionekana vinyuzi vidogo vya shaba, vimepangwa sawa meno ya kitana, vinameta. Vilikuwa vinatuangalia sisi. Vilipaswa kuangalia ndani, kwenye mashavu ya kile kinywa kinachovikamata. Sanduku zima lilikuwa na vumbi la njia na harufu ya mafuta yangu, na pale pekee palikuwa pasafi kama kijiko cha arusi.

— Hii nappe imegeuzwa, akasema Orpha, na sauti yake ilikuwa ndogo. Imetolewa, ikarudishwa kinyume.

Nikamuangalia Fundi. Na sasa nikakumbuka vile nilivyoona saa mbili, bila kufikiri: Fundi ameinama mezani, mkononi ana gomu ya kufutia penseli. Nilidhani anafuta hesabu.

— Fundi, nikasema.

— Koko.

— Uligusa.

— Sikugusa!

— Zuberi.

— Sikugusa! Nilifuta tu!

 Fundi akasimama, akavua kofia yake, akaivaa tena.

— Mutu ameacha kazi yake kwa meza yangu, wazi, na meno ya shaba iko nyeusi. Ninawezaje kuiacha vile? Tangu miaka makumi tatu na tano, hakuna kintu inalala kwa meza hii bila kufutwa meno. Kufuta haiko kugusa! Kufuta ni kusalimia! Nilitoa, nilifuta na gomu, nilirudisha. Na nilirudisha meno juu, sawa vile ninafanya kwa radio zote, ili mwenyewe akikuja aone iko safi.

— Papa Zuberi, akasema Orpha, radio zako za zamani zinakubali pande zote mbili.

— Zinakubali!

— Hii inashika upande moja tu. Meno yakiangalia inje, kichwa kinaita, na sauti inaishia kwenye plastiki.

Fundi akakaa. Huyu ndiye aliyemuonyesha Orpha kushika chuma cha kuchomelea alipokuwa na miaka tisa, akimweka juu ya katoni ili afikie meza. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukohoa.

Orpha hakumgombeza. Kwanza alikata moto, kisha akafungua kile kikufuli kidogo kwa kucha, akatoa utepe, akaugeuza, akausukuma mpaka mwisho, akafunga. Akawasha. Akagonga milango.

Mistari. Mistari. Halafu, katikati ya mistari, makumi tatu na sita.

Tulipiga kelele mpaka mutoto wa Nadia akaamka akalia. Hilaire alimkumbatia Kasongo, Kasongo akasema hata hivyo radar ilikuwa imelegeza. Orpha akaweka tawi la kahawa mbele ya jicho, akafungua picha: majani ya kijani kweli, matunda mekundu kweli, na kwenye tunda moja, karibu na kitovu, tundu dogo jeusi ambalo macho yangu mimi yangelipita. Pilote yake haikuwa na kosa hata moja. Majuma matatu yalikuwa pale, mazima, na kidole chake kilikuwa kimebakiza unywele mmoja.

Kahawa ile ya mwisho nilimpa Nadia, kikombe chote na ile nusu. Marathon aliangalia inavyomiminika. Nikamwacha aangalie.

Docteur Hubert alifika saa sita na robo, mutu mwembamba mwenye viatu vya matope. Hakukaa. Aliangalia picha muda mrefu, akaomba kusogeza tawi yeye mwenyewe, akaligeuza huku na huku, na jicho likalifuata kila mahali.

— Kumi, akasema. Tunapanda mtumbwi juma ijayo, siku ya pili. Mademoiselle, utakuwa na mutu wa kukusaidia kuzifunga shambani? Ni nappe kumi, na kule unyevu ni mwingi, lazima mutu awe anasafisha meno yake kila mara.

Orpha akageuka, akamuangalia Fundi. Na sisi wote tukageuka.

— Niko na mutu, akasema. Anajua kusafisha sana. Nitamuonyesha tu upande.

— Miye? akasema Fundi. Kwa mtumbwi?

Hapa lazima mujue kitu. Wazee wa Zuberi walifika katika mji huu kwa miguu, na biashara zao kichwani, na toka zamani zile ukoo wao haujaupenda mto. Yeye ni muzee wa miaka makumi sita na tatu, mto uko dakika kumi na tano kutoka mlangoni mwake, na hakuwa amewahi kuweka mguu ndani ya mtumbwi. Hata ngambo, Lubunga, hajafika.

— Papa Zuberi, akasema Orpha, kwa adabu yote, mikono miwili mbele. Ulisalimia sanduku moja. Sasa utasalimia kumi.

Hakukataa. Ni mutu wa heshima, niliwaambia. Juma lililofuata, siku ya pili asubuhi, tulishuka bandarini wote, benchi nzima, hata Nadia. Walimkalisha katikati kabisa, masanduku kumi kwenye magoti, gomu mpya mfukoni, vidole vimekamata mbao za pande zote mbili kama mutu anayezuia milango ya gereza. Nauli alilipa mwenyewe, kwenda na kurudi, hakutaka Orpha amlipie. Na Orpha ananiambia kwamba kabla hawajafika hata Yanonge, katikati ya safari, alikuwa amekwisha kurudishia mto kahawa yangu yote ya asubuhi, na mikate sita.